Mstari Juu ya Maji: Vivuko vya Ziwa Victoria na Ramani Zake

Neno ramani, ambalo leo mwanafunzi wa shule ya msingi hulitumia kwa kila mchoro wa nchi, ni neno la baharini. Wachunguzi wa lugha hulirejesha kwenye rahmani, jina la vile vitabu vya manahodha wa Bahari ya Hindi vilivyoeleza njia za vyombo, nyota za kufuatwa, kina cha maji na alama za nchi kavu. Nalo rahmani asili yake ni Kiajemi, rahnama, yaani kionyesha njia. Kabla ya kuwa picha, basi, ramani ilikuwa maneno ya kumfikisha mtu bandarini. Ahmad ibn Majid wa Julfar, nahodha na mwandishi wa karne ya 15, alizitunga njia nyingi kwa mashairi ya rajaz, na miongoni mwa tungo zake imo al-Sufaliya, inayohusu safari ya pwani yetu hadi Sofala. Shairi pale halikuwa pambo. Lilikuwa chombo cha kazi, kwa kuwa beti zenye mizani hukaa kichwani hata kitabu kikilowa maji.

Nimeanzia pwani ingawa nia yangu ni kuzungumzia bara, tena Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria. Sababu ni kwamba swali wanaloulizana leo vijana wanaochora ramani shirikishi za kidijitali ni lile lile la manahodha wa kale: njia ya majini iandikwe vipi? Barabara huacha alama. Setilaiti ikipiga picha, hata njia ya vumbi ya Misungwi au Sengerema huonekana, na mchoraji aliye mbali huweza kuifuata kwa kidole. Njia ya chombo hufutika nyuma ya tezi kabla povu halijatulia. Anayeichora anachora kitu kisichoonekana kwa jicho, bali kinachojulikana na watu. Ndiyo maana historia ya ramani za ziwa hili, tangu mwanzo, ni historia ya nani aliulizwa na nani hakuulizwa.

Ziwa lililochorwa kwa masikio

Mwaka 1854 mmisionari Mjerumani Jakob Erhardt alikaa Tanga miezi kadhaa akiwahoji wasafiri wa misafara. Kila mmoja alimweleza njia aliyoipita yeye: vituo vyake, siku za kutembea, na maji makubwa aliyoyakuta mwisho wa safari. Njia zilikuwa mbalimbali, lakini kila moja iliishia majini. Erhardt na mwenziwe Johannes Rebmann wakahitimisha kwamba maji hayo yote ni mamoja. Ramani yao, iliyotangazwa Ulaya mwaka 1855 na 1856, ilionyesha ziwa moja kubwa lenye umbo la konokono asiye na gamba, na mabingwa wa jiografia wa London wakaibishia sana.

Lakini tuwatendee haki wasimulizi. Hawakusema uongo. Mmoja alikuwa amefika Nyasa, mwingine Tanganyika, mwingine Nyanza, na kila mmoja aliieleza njia yake kwa ukweli. Kosa lilikuwa la mkono uliounganisha. Funzo hilo halijachakaa: mtu anaweza kukusanya ushahidi wa kweli mtupu, kisha akachora jambo lisilokuwapo.

Miaka michache baadaye, Richard Burton na John Hanning Speke wakiwa Kazeh, yaani Tabora ya leo, mfanyabiashara Mwarabu Snay bin Amir aliwaeleza habari za ziwa jingine lililoko kaskazini. Burton alibaki, Speke akaenda pamoja na Sidi Mubarak Bombay, mtu wetu aliyejua lugha na njia. Tarehe 3 Agosti 1858 walifika ufukweni Mwanza. Speke akaomba aletewe mtu wa pale anayesifika kwa kusafiri, akamwuliza maji yanakwenda umbali gani. Yule bwana aligeuka kaskazini, akatikisa kichwa, akawa anarusha mkono mbele na kualisha vidole mara kwa mara, kisha akasema kwamba hakuna ajuaye. Huenda yanafika mwisho wa dunia. Speke hakupata vyombo vya kumvusha. Alirudi bila ya kuabiri, lakini ziwa akalipa jina la malkia wake.

Majina yalikuwapo. Waganda waliliita Nnalubaale, Wajaluo Nam Lolwe, na wengi wa kusini Nyanza. Watu wa misafara walilijua kwa jina la Ukerewe, kisiwa kinachokabili pwani ya Mwanza. Hilo la mwisho linastahili kutazamwa. Mfanyabiashara wa pwani hakulipa ziwa jina la mfalme wake wala la upana wake. Alilitaja kwa jina la mahali alikosikia kuwa watu huvuka kwenda.

Mitumbwi ya Lukonge, jahazi la Songoro

Henry Morton Stanley ndiye Mzungu wa kwanza kulizunguka ziwa lote. Mashua yake, Lady Alice, ilibebwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi kutoka pwani, ikaunganishwa Kageyi, mashariki ya Mwanza, na tarehe 8 Machi 1875 ikasukumwa majini. Ilirudi mwezi Mei. Katika vitabu vingi hapo ndipo ramani ya Ziwa Victoria inapoanza kuwa sahihi.

Hata hivyo, mashua moja ilitosha kuchora ukingo tu. Kuwavusha watu wake wote hadi Buganda Stanley hakuweza, mpaka Lukonge, mtawala wa Ukerewe, alipomwazima mitumbwi. Mitumbwi ile ilikuwa na njia zake, miamba yake ya kukwepa na visiwa vyake vya kulala, na wapiga kasia walizijua bila ya karatasi. Na huko huko ufukweni Stanley alimkuta Songoro Tarib, mfanyabiashara kutoka pwani, akiunda jahazi la kuvukia. Fikiri, msomaji: ufundi wetu wa mataruma na kalafati umekwea mpaka kwenye maji yaliyo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa sababu mtu mmoja aliona faida ya kufupisha safari ya Buganda. Mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Mwezi Desemba 1877 ugomvi ulizuka kati ya Songoro na Lukonge, na Songoro akauawa Ukerewe pamoja na wamisionari wawili wa Kiingereza, Shergold Smith na O'Neill.

Rasi na ghuba zilizopitwa na Wazungu zimebaki na majina yao: Ghuba ya Speke, Ghuba ya Emin Pasha. Njia za mitumbwi ya Lukonge hazikuchorwa na yeyote.

Meli za moshi na mistari ya ratiba

Mstari wa kuvuka maji uliingia rasmi katika ramani za ziwa pamoja na reli. Mwaka 1900 meli William Mackinnon, iliyoletwa vipande kutoka Uskoti, ilishushwa majini Kisumu. Mwishoni mwa mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ikafika hapo. Zikafuata Winifred, Sybil, Clement Hill na nyinginezo. Mwaka 1928 reli ya Tabora ikafika Mwanza, na mji huo ukawa mahali ambapo gari moshi na meli hukutana. Katika ramani za shirika la reli, bandari za Kisumu, Port Bell, Bukoba, Mwanza na Musoma ziliunganishwa kwa mistari iliyopinda kwa madaha, kana kwamba maji yana reli chini yake.

Mistari ile ilikuwa na maana moja tu: ratiba. Ilisema kwamba siku fulani meli itaondoka, na tikiti itakatwa. Aliyekuwa nje ya ratiba alikuwa nje ya ramani. Mkerewe aliyevuka kila juma kwenda Kisorya kuuza muhogo hakuwamo, ingawa safari yake ilikuwa ya kale kuliko meli zote.

Mwaka 1961 iliingia Victoria, meli iliyotengenezwa Uskoti na kuunganishwa Kisumu. Miaka ile zikaja pia meli za kubeba mabehewa ya reli, ambazo Umoja ya Mwanza ni mojawapo. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, meli zikagawanywa, na mistari mingi iliyovuka mipaka ya nchi ikakatika. Ramani za zamani zilibaki ukutani. Nadhani kila aliyesoma shule zetu miaka ile aliwahi kunyooshea kidole mstari wa safari ambayo haikuwapo tena.

Kivuko ni nini?

Sasa tuje kwenye zama zetu. Mwaka 2004 ulianzishwa Uingereza mradi wa OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo kila mtu anaruhusiwa kuichora na kuisahihisha. Tanzania iliupokea kwa bidii. Mwaka 2015 Ramani Huria ilianza Dar es Salaam, wanafunzi na wakazi wakichora mitaa na mifereji ya maeneo yanayofurika. Agosti 2018 mkutano wa dunia wa wataalamu wa ramani huria ulifanyika jiji hilo hilo.

Kanuni kuu ya wachoraji hawa ni kuchora kilichopo mahali, si kilichoandikwa na wakubwa. Ni kanuni njema, lakini majini inababaika, maana hapo mahali pana maji tu. Lugha yetu nayo inaongeza utamu wa tatizo. Neno kivuko lina maana tatu kwa pamoja: ni pale mahali pa kuvukia, ni chombo kinachovusha, na ni huduma yenyewe ya kuvushwa. Msukuma akisema kivuko kimeharibika, anasema chombo. Akisema tukutane kivukoni, anasema mahali. Ramani ya kidijitali haikubali neno lenye sura tatu. Gati huwa nukta, njia huwa mstari, na chombo hakichorwi kabisa, kwa kuwa hakitulii.

Mstari huo una masharti yake. Lazima uguse barabara katika gati za pande zote mbili. Ukiachwa hata mita moja pembeni, mashine inayotafuta njia itasema kwamba hakuna njia ya kwenda ng'ambo. Lazima uelezwe kama unabeba magari au waendao kwa miguu tu, na muda wa kuvuka uandikwe, la sivyo mashine itabuni mwendo wake yenyewe. Lakini usahihi wa umbo lake si jambo kubwa. Nahodha hafuati mstari. Hufuata upepo, miamba na magugu maji, ambayo tangu miaka ya mwisho ya 1980 huja kwa makundi na kuziba bandari. Hata gati halikai: kati ya mwaka 1961 na 1964 ziwa lilipanda kwa zaidi ya mita 2, mwaka 2006 likashuka sana, na mwaka 2020 likapanda tena na kumeza fukwe. Kwa hiyo mstari wa kivuko si picha ya safari. Ni ushahidi kwamba kutoka hapa watu hufika pale.

Tukiuelewa hivyo, swali la nani achorwe hupata jibu lake. Mwambao wa ziwa umejaa mialo, yaani mahali wavuvi wanapoegesha vyombo na kushusha samaki. Kutoka mialoni huondoka boti za mbao zenye mashine zikibeba abiria, magunia, baiskeli na wagonjwa kwenda visiwani. Hazina jengo la tikiti, na pengine hazina saa ya kuondoka ila saa ya kujaa. Mchoraji anayeiandika meli ya Nansio na pantoni ya Rugezi na Kisorya, kisha akaziacha boti hizi, atakuwa amerudia kosa la ramani za reli. Visiwa vidogo vitaonekana kama makao ya watu wasio na njia. Najua hoja ya upande wa pili: boti nyingine si salama, na kuzichora ni kama kuzipendekeza. Hoja hiyo ina uzito, lakini hatari inayojulikana mahali ilipo huweza kukaguliwa. Ile isiyochorwa hubaki siri ya maskini.

Bugolora hadi Bwisya

Haya si mambo ya wapenzi wa mashine peke yao. Tarehe 20 Septemba 2018, mwezi mmoja tu baada ya ule mkutano wa Dar es Salaam, kivuko MV Nyerere kilipinduka kikitoka Bugolora, Ukerewe, kwenda kisiwa cha Ukara. Kilikuwa kimebakiza mita chache kufika gati la Bwisya. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Katika ramani yoyote ya Tanzania, mwendo kutoka Bugolora hadi Bwisya ni mfupi kuliko ukucha. Wavuvi na wakazi wa Ukara ndio waliokuwa wa kwanza kuwafikia waliozama, kwa kuwa wao walikuwa na mitumbwi na waliijua ile njia.

Wa Mwanza walikuwa hawajasahau la kwanza. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba, iliyotoka Bukoba na kupitia Kemondo, ilizama ikiwa karibu kabisa kuingia Mwanza. Idhini yake ilikuwa abiria 430. Walipotea watu zaidi ya 800, na wengi wamelala katika makaburi ya Igoma. Nasi wa pwani tuna yetu: MV Mtongwe, Mombasa, Aprili 1994, MV Spice Islander katika njia ya Unguja na Pemba, Septemba 2011, MV Skagit, Julai 2012. Kisiwani hakuna nyumba isiyojua maana ya kusimama gatini na kungoja chombo kisichofika.

Ndipo ninapouliza: mstari wa Bukoba hadi Mwanza uchorwe vipi? Kwa mashine ni njia kama nyingine, yenye saa kadhaa za safari. Meli nyingine huivuka, na ni haki iwepo, kwa kuwa walio hai wanaihitaji. Lakini mstari hauwezi kueleza kwamba mahali fulani juu yake maji yaliwahi kufunga safari ya watu wote wale. Ramani ya zamani ya maneno ingeweza. Nahodha angemwambia mwanawe: hapa punguza mwendo, hapa wamelala wenzetu. Nukta ya ukumbusho, penye jina la meli na tarehe, ni jambo dogo ambalo kila mchoraji anaweza kulifanya, na naliona kuwa la wajibu.

Daraja la Kigongo

Mfano wa mwisho ni wa furaha, nao una mtihani wake. Ghuba ya Mwanza imeingia ndani ya nchi kama kisu, na kwa miaka mingi aliyetoka Mwanza kwenda Sengerema, Geita na Bukoba kwa gari alivuka kwa pantoni kati ya Kigongo na Busisi, au kwa ile inayoondoka mjini kwenda Kamanga. Pale Kigongo foleni ilikuwa mji mdogo. Kulikuwa na mama wa samaki wa kukaanga, vijana wa maji baridi, madereva wa malori wakilala chini ya magari yao, na gari la wagonjwa likipiga king'ora mbele ya maji ambayo hayasikii. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa Daraja la John Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, na safari iliyochukua nusu saa au zaidi, mbali na kungoja, ikawa ya dakika chache.

Katika ramani shirikishi badiliko kama hilo ni kazi ya dakika moja. Mchoraji huchora daraja, kisha huushika ule mstari wa pantoni na kuufuta. Kanuni inamruhusu, maana ramani ni ya kilichopo leo, na dereva akielekezwa kwenye gati lisilo na chombo atapotea kwa kosa letu. Nakubali. Lakini kufuta si njia pekee. Mstari unaweza kubadilishiwa lebo, ukasema kwamba hapa palikuwa na kivuko, kilikoma mwaka fulani. Mashine haitaupitia, lakini msomaji atauona. Kuna pia ramani huria ya historia, OpenHistoricalMap, ambako kila kitu huandikwa mwaka wa kuanza na mwaka wa kwisha. Huko njia ya Kigongo na Busisi ina haki ya kukaa, na karibu yake njia za William Mackinnon, na jahazi la Songoro, na mitumbwi ya Lukonge kwa kadiri tutakavyoweza kuijua.

Na tutaijua kwa wazee tu. Wapo Kigongo, Nansio, Ukara na Kome waliovusha watu kabla ya pantoni, wanaojua jina la kila mwamba na kila mwalo kwa Kikerewe, Kisukuma na Kijita. Kijana mwenye simu mkononi, akitaka kuchora njia ya majini, na akae nao kama Erhardt alivyokaa Tanga, lakini awe mwangalifu kuliko Erhardt: asiunganishe asichoambiwa. Aandike jina kama linavyotamkwa na wenyewe. Aulize nani huvuka, kwa chombo gani, msimu gani, na nini kilitokea humo njiani.

Wasomaji wa jarida hili wengi wanaijua Ukerewe kwa sababu ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, ambaye Kichomi yake ya mwaka 1974 ilituletea mabishano marefu juu ya vina na mizani. Tulibishana naye kana kwamba alitoka mbali. Kumbe naye alikuwa mtu wa kisiwa kama sisi, aliyekulia mahali ambapo kwenda popote ni kuvuka kwanza. Ibn Majid alipotaka njia zisipotee alizitia katika shairi. Leo tuna chombo kingine, kinachokumbuka zaidi na kueleza machache. Tukipe maneno ya wanaovuka, kistahili jina la ramani.